Mbwa Anayejikuna: Somo kwa Wamama wa Munigi



Leo hatutasema juu ya uji, wala juu ya chanjo, wala juu ya uzito wa watoto. Leo tutasema juu ya mbwa. Najua wengine watacheka na kusema: "Mama munganga, sisi tumeleta watoto kupimwa, hatukuleta mbwa." Ni kweli. Lakini sikilizeni kwanza habari moja, kisha mutaelewa kwa nini somo hili ni la wamama.

Siku moja ya kupima watoto, mama mumoja alifika akikimbia, mutoto mikononi. Mutoto alikuwa wa miaka miwili. Mate yalikuwa yanatoka mudomoni bila kukauka. Jasho lilimulowesha. Alitapika, akahara, na mboni za macho yake zilikuwa ndogo sawa kichwa cha sindano. Tukauliza: "Amekula nini?" Mama akajibu: "Hajakula kitu. Alikunywa uji tu asubui." Tukauliza tena. Mwishoni mwenzangu aliinama karibu na mutoto, akasikia harufu katika shati lake. Ilikuwa harufu ya dawa ya shamba, ile watu wanapulizia nyanya na viazi.

Ndipo mama akaeleza. Mbwa yao alikuwa anajikuna usiku muzima, watu hawalali. Baba akachukua dawa ya shamba iliyobaki katika chupa, akaichanganya na maji, akamupaka mbwa mugongoni. Mutoto alimupenda sana mbwa yule. Alimukumbatia kwenye jua, akalala juu yake, kisha akaweka vidole mudomoni.

Tulimuvua mutoto nguo zote, tukamuosha kwa maji mengi na sabuni toka kichwa mpaka miguu. Alipigwa sindano ya atropini, akapelekwa mbio kwa hospitali kubwa. Mungu alisaidia, mutoto akapona. Mbwa alikufa usiku ule nyuma ya jikoni. Mama yule alisema neno ambalo sijalisahau: "Mimi nilitaka tu mbwa atuache tulale."

Basi, sikumukaripia. Mimi pia nilikosa zamani. Wakati nilikuwa mwanafunzi, nilimwambia jirani yangu apake mbwa yake petroli, ile ya taa, kusudi viroboto vife. Viroboto vichache vilikufa, lakini ngozi ya mbwa ilibabuka na manyoya yakaanguka mugongo muzima. Mpaka leo, nikifundisha wanafunzi wangu wa uuguzi, naanza na kosa lile.

Fundisho letu la leo ni moja: kuwashwa kidogo kwa mbwa kunatulizwa na maji safi, sabuni laini, na macho ya mutu anayeangalia vizuri. Hakutulizwi na sumu.

KWA NINI MBWA WA KWETU WANAJIKUNA

Mbwa kujikuna mara moja mara mbili si ugonjwa. Hata sisi tunajikuna. Lakini akijikuna kutwa, akijiuma mukia, akijilamba pahali pamoja mpaka manyoya yanakwisha, kuna sababu. Tutafute sababu ile kabla ya kutafuta dawa.

Viroboto. Hii ndiyo sababu inayopatikana sana. Kiroboto ni kadudu kadogo, ka rangi ya kahawia, kanaruka. Kanapenda kukaa juu ya kiuno cha mbwa, karibu na mukia, na chini ya tumbo. Kama haukione, fanya hivi: mulaze mbwa juu ya kitambaa cheupe, chana manyoya yake. Vumbi nyeusi ikianguka, iloweshe na maji kidogo. Ikibaki nyeusi, ni udongo tu. Ikigeuka nyekundu sawa damu, ni mavi ya viroboto, kwa sababu viroboto vinakula damu.

Kupe. Yeye haruki. Anashika ngozi na kunyonya mpaka anavimba sawa punje ya muharagi. Mutafute ndani ya masikio, chini ya shingo, katikati ya vidole.

Funza, ambayo wengine wanaita amavunja. Inaingia katika nyayo za mbwa sawa inavyoingia katika vidole vya watoto. Mbwa anachechemea, anajilamba miguu. Mayai ya funza yanaanguka katika vumbi la nyumba, na watoto wanaotembea bila viatu wanaambukizwa kutoka vumbi lile.

Mawe na vumbi la mulima. Sisi wa Munigi tunakaa juu ya lava. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 2002, moto wa Nyiragongo ulipita hapa Munigi ukashuka mpaka ndani ya Goma. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 2021 ulishuka tena mpaka Buhene. Mawe yaliyobaki ni makali sawa chupa iliyovunjika, na wakati wa jua yanachoma. Yanakwaruza nyayo na tumbo la mbwa. Vumbi yao inaingia katika manyoya, na mbwa anajikuna.

Sabuni kali. Mara nyingi mbwa anawashwa kwa sababu tumemuosha na sabuni ya unga ya kufulia, na hatukuitoa yote. Ngozi inakauka, inatoa magamba sawa unga.

Upele wa mbwa. Huu unaletwa na kadudu kasikoonekana na macho, kanachimba chini ya ngozi. Unaanza kwenye ncha za masikio, kwenye viwiko na chini ya tumbo. Manyoya yanaanguka, ngozi inakuwa nene na kufanya ukoko. Mbwa hapumziki, muchana wala usiku. Ukisugua ncha ya sikio lake kwa kidole (vaa mufuko wa plastiki mukononi), mara nyingi muguu wa nyuma unaanza kukuna wenyewe. Huu si wa kutuliza tu nyumbani. Tutauzungumuza mbele.

ANGALIA KWANZA, GUSA NYUMA

Kabla ya kumushika mbwa, simama kidogo mbali naye. Jiulize maulizo matatu.

La kwanza: Tabia yake imegeuka? Mbwa mupole amekuwa mukali bila sababu? Ao mbwa mukali amekuwa mupole sana ghafula? Mate yanamutoka na hawezi kumeza? Sauti yake imebadilika? Anauma miti na mawe, ao anatembea sawa mulevi? Mbwa wa namna hii usimuguse hata kidogo. Huenda ana kichaa cha mbwa. Jueni pia neno hili: mbwa mwenye kichaa mara nyingine anajilamba na kujiuma kwa nguvu pale alipoumwa zamani. Mutu asiyejua atasema: "Anawashwa tu." Fungia watoto ndani, ita mukubwa wa mutaa na munganga wa wanyama.

La pili: Anakula na kucheza sawa kila siku? Kama anakula vizuri, mukia unatikisika, na kasoro yake ni kujikuna tu, unaweza kumusaidia nyumbani.

La tatu: Pahali panapowasha ni padogo, bila usaha, bila harufu mbaya? Kama ndiyo, endelea. Kama hapana, soma sehemu ya munganga wa wanyama.

KUMUOSHA NA BIDONI MOJA

Najua shida ya Munigi. Mvua inanyesha sana, lakini mawe ya lava yanaimeza yote, hakuna kijito. Maji tunanunua ao tunangojea yale ya paa. Kwa hiyo wamama wengi wanasema: "Maji ya watoto haitoshi, nitaosha mbwa na nini?" Bidoni moja ya lita 20 inatosha kwa mbwa wa kadiri, na si kazi ya kila siku. Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Kumuosha kupita hapo kunakausha ngozi.

Maji ya mvua yanafaa. Lakini wakati mulima unatoa moshi mwingi, mvua ya kwanza inabeba ukali wa moshi ule. Mwaga ile ya kwanza, teka inayofuata. Usitumie maji yaliyooshea vyombo ao nguo, yako na sabuni kali ndani yake.

Tayarisha: bidoni ya maji, kikombe, sabuni laini (ile ya kuoshea mutoto muchanga inafaa), kitambaa kikuukuu, kichana, na mutu wa pili wa kumushika mbwa. Fanya kazi hii saa sita ya muchana wakati jua liko, kwa sababu kwetu huku mangaribi baridi inaingia upesi. Watoto wadogo wakae mbali.

1. Chana manyoya kwanza. Kupe ukimuona, mushike na koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, muvute polepole, moja kwa moja, bila kumuzungusha. Usimuchome na moto, usimumwangie petroli. Akisumbuliwa hivyo anatapika ndani ya damu ya mbwa, na magonjwa yanaingia. Mutupe katika maji ya sabuni. Usimupasue na kucha.

2. Lowesha shingo, paka sabuni kuzunguka shingo yote sawa mukufu. Kwa nini? Viroboto vikisikia maji vinakimbilia kichwani, machoni na masikioni. Ule mukufu wa sabuni unavifungia njia.

3. Lowesha mwili, paka sabuni mpaka miguuni na chini ya mukia. Usitie sabuni machoni wala maji ndani ya masikio. Hapo tumia kitambaa chenye kulowana tu.

4. Acha povu likae dakika 5 mpaka 10, ukimusugua pole na kumusemesha. Mbwa anatulia akisikia sauti ya mutu wake.

5. Toa sabuni yote. Hapa ndipo wengi wanahurumia maji. Bakiza nusu ya bidoni, lita 10, kwa kazi hii peke yake. Sabuni inayobaki katika manyoya itamuwasha kesho kuliko viroboto vya jana.

6. Mupanguze na umuache kwenye jua. Usimukaushe karibu na mbabula.

7. Angalia nyayo, kidole kwa kidole. Toa vijiwe. Funza ikiwa moja ao mbili, toa na sindano iliyochemushwa, osha pale na sabuni, na choma ile funza katika moto. Zikiwa nyingi, muone munganga wa wanyama.

8. Nawa mikono na sabuni mpaka kwenye kiwiko, na badilisha kitenge kabla ya kumushika mutoto ao kupika.

Vitoto vya mbwa ambavyo vinanyonya bado, usivioshe. Vinakufa na baridi. Vichane tu na kuvipanguza na kitambaa cha uvuguvugu.

KUTULIZA PAHALI PANAPOWASHA

Kama kuna pahali pekundu padogo, mbwa anapalamba na pamelowana, fanya hivi.

Kata manyoya ya pale na makasi, polepole, kusudi hewa iingie. Chemusha maji, pima nusu lita, tia kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi, kisijae kupita ukingo. Usizidishe, chumvi nyingi inachoma. Maji yakipoa kabisa, lowesha kitambaa safi, weka pale panapowasha dakika 5 mpaka 10. Rudia mara mbili ao tatu kwa siku. Baridi ile inapunguza muwasho, na chumvi kidogo inasafisha. Kisha acha pakauke. Usipafunge na kitambaa.

Wengi wetu tuko na aloe nyuma ya nyumba, ile wengine wanaita igikakarubamba. Inaweza kusaidia, lakini kwa uangalifu. Ukikata jani, maji ya rangi ya manjano yanatoka. Yale ni mabaya, mbwa akiyalamba atahara. Simamisha jani mpaka yale ya manjano yaishe, osha, menya, tumia tu ule ute mweupe wa ndani. Paka kidogo kwenye ngozi isiyopasuka. Usipake kwenye kidonda.

Ulimi wa mbwa ndio adui ya kidonda chake. Watu wanasema mate ya mbwa ni dawa. Hapana. Anavyolamba ndivyo kidonda kinaongezeka. Mufanyie kola: chukua karatasi ngumu ya boksi ao ndoo ya plastiki iliyopasuka, kata mviringo wenye tundu la shingo, vungia kingo na kitambaa zisimukate. Mutie shingoni kwa siku chache. Hakikisha anaweza kula, kunywa na kupumua vizuri. Watoto watamucheka, lakini kidonda kitapona.

Angalia chakula pia. Mbwa anayekula bugali tu ana manyoya makavu na ngozi zaifu. Mubakizie vichwa vya sambaza vilivyopikwa. Usimupe vitunguu wala mifupa iliyopikwa ya kuku.

NYUMBA PIA INATAKA KUOSHWA

Hapa ndipo kazi nyingi inapotea. Mama anamuosha mbwa siku ya posho, kufika siku ya tatu viroboto vimerudi. Anasema: "Sabuni haina nguvu." Si sabuni. Viroboto unavyoviona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya jamaa yao. Kiroboto kike kimoja kinaweza kutaga mayai 40 kwa siku moja. Mayai yanaanguka pale mbwa analala: katika mukeka, katika nyufa za mbao, katika vumbi katikati ya mawe. Yanazaa vidudu sawa nyuzi ndogo, kisha vinajifunga ndani ya kifuko, na humo vinaweza kungoja miezi bila kula. Vikisikia kishindo cha miguu na joto la mutu, vinatoka.

Ndiyo maana mutu akikimbia nyumba yake, akirudi nyuma ya wiki nyingi, viroboto vinamurukia muguuni hata kama mbwa hayuko tena. Si uchawi wa jirani. Ni viroboto vilivyokuwa vinangoja.

Kwa hiyo: siku ile unaosha mbwa, chemusha maji na loweka mukeka ao gunia yake, kisha anika kwenye jua kali. Fagia nyumba, zaidi kwenye pembe na chini ya kitanda, na choma takataka zile. Rudia kila siku tatu kwa wiki tatu. Mbwa alale inje, pahali pakavu penye paa. Asilale kwenye kitanda cha watoto, hata kama baridi iko. Na mutoto mudogo akimeza kiroboto akicheza na mbwa, anaweza kupata munyoo wa mbwa, ule unaotoka katika choo sawa punje za mupunga.

VITU AMBAVYO HAVIPAKWI JUU YA MBWA

Dawa ya shamba, dawa ya kunguni, dawa ya panya. Zinapita ngozi ya mbwa, na zinapita ngozi ya mutoto anayemukumbatia.

Petroli, esansi, mafuta machafu ya motokari. Zinababua ngozi, na mbwa akijilamba zinaingia tumboni na mapafuni.

Maji ya betri, javeli, pilipili, maji ya tumbako. Yote yanachoma ao yanaua.

Krimu za kung'arisha ngozi na krimu za soko zisizojulikana. Nyingi ziko na dawa kali inayopunguza ngozi, kwa mbwa na kwa mama vilevile.

Paracetamol, ibuprofen na vidonge vingine vya watu. Kidonge cha kukutuliza wewe kinaweza kuua mbwa.

Kuna poda na maji ya viroboto yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Mengine yanatoka katika ua la pareto, ambalo limelimwa miaka mingi katika milima yetu ya Kivu. Nunua kwa munganga wa wanyama, mwambie uzito wa mbwa, fuata kipimo. Usimutie paka dawa ya mbwa. Permetrini, ambayo mbwa anavumilia, inaua paka.

WAKATI WA KWENDA KWA MUNGANGA WA WANYAMA

Usingoje kama unaona moja ya mambo haya:

- Siku 3 zimepita toka umeanza kumutuliza, na hakuna mabadiliko.
- Manyoya yanaanguka kwa mabaka, ngozi imefanya ukoko, masikio yamekauka (pengine ni upele).
- Kidonda kinatoa usaha, kinanuka, ao kuna mabuu ndani yake.
- Uso umevimba, ao anapumua kwa shida.
- Haikubali kula, amekonda, anatetemeka.
- Watu wa nyumba nao wanaanza kujikuna.

Upele wa mbwa uko na dawa nzuri, lakini kipimo kinafuata uzito. Usimupe mbwa vidonge vya ivermektini ulivyobakiza wakati wa kugawa dawa ya watu. Ukikosa kipimo unaweza kumupofusha ao kumuua.

Na kwa mutoto? Upele wa mbwa ukimupata mutoto, unamutia vipele pale anapomushika mbwa: mikononi na tumboni. Hauzai sana katika ngozi ya mutu. Mbwa akipona, mutoto naye anapona nyuma ya wiki chache. Lakini kama vipele viko katikati ya vidole na kwenye viganja vya mikono, vinawasha zaidi usiku, na wandugu zake wanajikuna pia, usimusingizie mbwa. Ule ni upele wa watu. Leta mutoto kliniki, na nyumba yote itatibiwa siku moja.

MBWA AKIMUUMA MUTOTO

Mbwa mwenye maumivu anaweza kuuma hata mutu anayemupenda. Ndiyo maana somo la kumuosha mbwa haliwezi kuisha bila neno hili.

Kichaa cha mbwa kiko Kongo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema watu karibu 59 000 wanakufa na ugonjwa huu kila mwaka katika dunia, na karibu wote, 99 kwa 100, waliupata kwa mbwa. Kwa watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaozaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Alama za ugonjwa zikishaanza kwa mutu, hakuna dawa ya kumuponyesha. Lakini kabla ya alama kuanza, kinga iko. Tangu mwaka wa 1885, wakati Louis Pasteur wa Ufaransa alimuchanja kijana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa, watu wanaowahi chanjo wanapona.

Mutoto akiumwa, ao akikwaruzwa, ao mbwa akimulamba kwenye kidonda:

1. Osha pale palepale na maji na sabuni, dakika 15. Hesabu na saa. Siku ile usihurumie maji. Kama bidoni ni moja na ni ya kupikia, acha chakula, osha kidonda. Mukiwa hamuna, ita jirani na maji yake.
2. Usitie pilipili, mafuta ya moto, majani, wala jiwe jeusi. Usikifunge kwa nguvu.
3. Nenda hospitali siku ileile, hata kidonda kikiwa kidogo. Kama kiko kichwani, usoni ao mikononi, kimbia zaidi. Uliza chanjo ya kichaa na ya tetanosi. Maliza sindano zote unazopangiwa, hata kama kidonda kimekauka.
4. Mbwa asiuawe upesi kama anaweza kufungwa bila hatari. Aangaliwe siku 10. Akiwa muzima siku zile zote, mwambie munganga. Lakini usingoje siku 10 ndipo uende hospitali.

Kuliko yote, kinga mbwa yako. Achanjwe akiwa na miezi 3, kisha kama munganga wa wanyama anavyopanga. Tarehe 28 mwezi wa 9 ni siku ya dunia ya kupiganisha kichaa cha mbwa, na pahali pengi chanjo inatolewa wakati ule. Uliza.

Na mutoto akiguswa na sumu ya shamba, kazi ya kwanza ni ileile: muvue nguo, muosha na maji mengi na sabuni, na wewe jikinge mikono na mifuko ya plastiki. Usimutapishe. Beba chupa ya dawa ile, kimbia hospitali.

TUKUMBUKE

- Tafuta sababu kabla ya dawa.
- Tabia ya mbwa ikigeuka, usimuguse.
- Maji safi, sabuni laini, na kutoa sabuni yote.
- Osha mbwa na pahali pa kulala siku moja.
- Sumu ya shamba ibaki shambani, imefungwa, mbali na watoto.
- Akiuma: maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku ileile.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

1. Katika nyumba yako, dawa ya shamba inawekwa wapi? Mutoto anaweza kuifikia?
2. Utajua namna gani kama vumbi nyeusi ya mbwa ni mavi ya viroboto?
3. Kwa nini viroboto vinarudi kama haujaosha mukeka wa mbwa?
4. Jirani anakuambia: "Paka mbwa petroli." Utamujibu nini?
5. Mutoto ameumwa muguuni, damu kidogo tu, na bidoni ni moja. Utafanya nini kwanza?

Mama ambaye mutoto wake alipona alirudi kliniki mwezi uliofuata. Mutoto aliongeza uzito. Nilimuuliza kama bado wako na mbwa. Akasema ndiyo, mubwana wake aliletewa mwingine, mudogo. "Na akijikuna?" Akacheka. "Bidoni moja, mama munganga. Na nusu yake kutoa sabuni."

Basi, mukifika nyumbani, mwambieni na baba wa watoto.